Masuke Yaliyoangushwa Makusudi

Somo: Ruthu 2:1-17

Wewe uliye jikoni ukiandaa chai, wewe uliye njiani kwenda kazini, na wewe uliyelala kitandani kwa ugonjwa, karibu tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Asubuhi ya leo nataka kuwasimulia habari za kitabu kimoja kikuukuu. Hakikuwa Biblia, wala kitabu cha nyimbo, wala cha mahubiri. Kilikuwa kitabu cha ufugaji wa nyuki. Jalada lake la nyuma lilikuwa limeng'oka, na pembe zake zilikuwa zimekunjika kama masikio ya mbwa. Lakini kitabu hicho kilinifundisha jambo ambalo nilikuwa nimelisoma katika Maandiko kwa miaka mingi bila kulielewa.

Miaka michache iliyopita ndugu yangu mkubwa aliugua ghafula, tukampeleka hospitalini usiku. Madaktari wakasema ni lazima apasuliwe usiku ule ule. Mimi na shemeji yangu tukaambiwa tungoje nje. Kila aliyewahi kungoja mlangoni mwa chumba cha upasuaji anajua jinsi saa zinavyokwenda pale. Unaomba, unanyamaza, unaomba tena maneno yale yale. Unahesabu taa za dari. Kila mlango ukilia, moyo unaruka.

Mnamo saa nane za usiku shemeji alishikwa na usingizi, nami nikahamia kwenye benchi la pili nimpe nafasi ya kujinyoosha. Hapo ndipo nilipokiona kitabu. Nilidhani kimesahauliwa. Nikakifungua nione kama kina jina la mwenyewe, nami nikakuta maandishi haya ya kalamu ndani ya jalada: "Kitabu hiki hakikupotea. Kimeachwa kwa ajili yako. Ukimaliza kukisoma, kiache mahali ambapo mwingine atakiona." Chini yake, kwa mikono na wino mbalimbali, yaliandikwa majina ya mahali kilikopita: Voi. Kericho, kituo cha basi. Kitui. Basi. Hapakuwa na jina la mtu hata mmoja.

Nawaambia kweli, niligeuka huku na huku kama mwizi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimegawa vitabu darasani maisha yangu yote, na kila kitabu nilichogawa kilikuwa na mhuri, na nambari, na jina la mtoto atakayelipa kikipotea. Sikuwahi kuona kitabu kinachotembea peke yake bila mtu wa kukidai.

Nikaanza kukisoma, kwa kuwa ndugu yangu aliyekuwa ndani ya chumba kile alikuwa mfuga nyuki. Alikuwa na mizinga 14 kule nyumbani, naye alikuwa akinicheka kwa sababu mimi nilipenda asali yake lakini niliwakimbia nyuki wake. Nikasoma hata kukapambazuka. Nikajifunza kwamba nyuki mfanya kazi, wakati wa shughuli nyingi, haishi zaidi ya wiki sita hivi. Wiki kama tatu za kwanza hufanya kazi ndani ya mzinga: husafisha, hulisha watoto, hujenga masega. Kisha hutoka kwenda kutafuta maua hata nguvu zake zinapokwisha. Na asali yote anayoitengeneza katika maisha yake ni karibu sehemu moja tu ya kumi na mbili ya kijiko cha chai.

Hebu fikiri, msikilizaji. Ndani ya kijiko kimoja cha asali unachotia katika chai yako mna maisha ya nyuki kumi na wawili! Na nyuki yule aliyeleta tone lake wakati wa maua, hatakuwapo wakati wa njaa. Watakaokula asali ile ni nyuki ambao hata hawajazaliwa. Yeye hawajui, wala wao hawatamjua.

Ndugu yangu alitoka katika upasuaji akiwa hai. Siku zilizofuata nilikaa kando ya kitanda chake wodini na kumsomea kitabu kile. Mahali pengine alitikisa kichwa kukubali. Mahali pengine alisema kwa sauti ndogo, "Huyo aliyeandika hapo hajawaona nyuki wa kwetu." Siku ya kumi na moja Bwana alimchukua.

Nilirudi nyumbani na vitu vya ndugu yangu katika mfuko: kanzu yake ya kulalia, miwani yake, kikombe chake, na kitabu kile cha nyuki. Vile vingine nilimpa shemeji. Kitabu nilikitia ndani ya kabati langu, nikafunga kwa ufunguo.

Nadhani mnanielewa. Lilikuwa jambo la mwisho tulilofanya pamoja, mimi na yeye. Katika ukurasa mmoja palikuwa na alama ya chai aliyoimwaga kwa mkono wake uliokuwa ukitetemeka. Ningewezaje kukiacha kitabu hicho kwenye benchi la kituo cha basi, kiokotwe na mtu asiyejua hata kidogo kilivyo kwangu?

Baada ya mwezi mke wangu aliniuliza, "Baba, kile kitabu si kimeandikwa kiachwe?" Nikamjibu, "Kitaachwa." Mwezi wa pili ukapita, na wa tatu. Kila nilipofungua kabati nilikiona, na kila nilipokiona nilijisemea kwamba mtu aliyefiwa ana haki yake.

Sasa niwaeleze kidogo juu ya desturi hii, kwa maana baadaye niliuliza na kutafuta habari zake. Kuacha kitabu makusudi ili mtu usiyemjua akiokote, akisome, kisha naye akiache, ni jambo linalofanywa katika nchi nyingi. Mwaka 2001 Mmarekani aitwaye Ron Hornbaker alianzisha mpango uitwao BookCrossing kwa njia ya intaneti. Kila kitabu hupewa nambari yake, na mtu akikiokota anaweza kutoa habari kwamba kimefika mahali fulani. Vitabu vimeachwa katika bustani, katika mikahawa, katika magari ya moshi na viwanja vya ndege. Mwaka 2009, katika mji wa Hudson, jimbo la Wisconsin, mtu aliyeitwa Todd Bol alijenga kijisanduku kama nyumba ndogo ya shule, kwa kumkumbuka mama yake aliyekuwa mwalimu. Akakijaza vitabu, akakisimamisha mbele ya nyumba yake, apitaye achukue na mwenye cha kutoa aache. Bol alifariki mwaka 2018, lakini visanduku vya namna hiyo vimeenea ulimwenguni kwa maelfu.

Na katika jimbo hilo hilo la Wisconsin, zaidi ya miaka mia moja kabla yake, lilianza jambo ambalo wengi wenu mmeliona kwa macho yenu. Mwaka 1898, katika mji wa Boscobel, wasafiri wawili wa biashara walifika katika hoteli moja iliyojaa wageni, ikawabidi walale chumba kimoja. Majina yao ni John Nicholson na Samuel Hill. Hawakuwa wakijuana. Walipotaka kulala waligundua kwamba wote wawili ni Wakristo, wakasali pamoja. Mwaka uliofuata, pamoja na mwenzao wa tatu, Will Knights, wakaanzisha chama cha Wagideoni. Na mwaka 1908 Biblia za kwanza, 25 kwa hesabu, ziliwekwa katika vyumba vya hoteli moja katika jimbo la Montana. Nani angelala katika vyumba vile? Hawakujua. Mtu mwenye furaha au mtu aliyekata tamaa? Mwenye kiu ya Neno au mwenye kulidhihaki? Hawakujua. Waliacha kitabu, wakaondoka.

Turudi kwenye kabati langu. Mwezi wa nne nilipewa zamu ya kuhubiri kanisani, na somo la Jumapili ile lilikuwa Ruthu sura ya pili. Nilikuwa nimelihubiri somo hilo mara nyingi. Nilijua nitakayosema: Ruthu alikuwa mwaminifu, Boazi alikuwa mkarimu, nasi tuwe kama wao. Lakini jioni ile, nikisoma taratibu kwa taa, nilifika mahali ambapo Boazi anawaagiza vijana wake, nikasimama hapo hapo.

Mnajua kwamba sheria ya Musa, katika kitabu cha Mambo ya Walawi sura ya 19, iliwaagiza Waisraeli wasivune shamba lao hata ukingoni kabisa. Mapembeni yaachwe, na masuke yaliyoanguka yasiokotwe. Ni ya maskini na mgeni. Na Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inaongeza kwamba mtu akisahau mganda shambani asirudi kuuchukua. Ni wa mgeni, yatima na mjane. Ruthu alikuwa na sifa mbili katika hizo: alikuwa mjane, na alikuwa mgeni, Mmoabi. Kwa hiyo kuokota ilikuwa haki yake.

Lakini Boazi alikwenda mbele kuliko sheria. Aliwaambia vijana wachomoe masuke kutoka katika miganda yenyewe na kuyaangusha njiani kwa ajili yake, wala wasimkemee. Tazameni jambo hilo, wapendwa. Yale hayakuwa masuke yaliyosahauliwa. Hayakuwa masazo. Yalikuwa mavuno mazuri yaliyokwisha kufungwa, mali ya mtu, yaliyoachwa makusudi yaonekane kana kwamba yameanguka tu.

Kwa nini Boazi hakumwita Ruthu na kumpa gunia zima mbele ya watu? Angeweza. Lakini nadhani aliijali heshima ya mwanamke yule. Mtu akipewa mbele ya watu huinamisha kichwa. Akiokota kwa mikono yake, hurudi nyumbani kichwa kikiwa juu. Jioni Ruthu alipura alichookota, akapata kama efa moja ya shayiri, ambayo kwa kipimo chetu ni kama debe moja. Akambebea mkwewe Naomi. Katika debe lile, ni suke gani lililoanguka lenyewe, na ni lipi lililoangushwa kwa ajili yake? Ruthu hakuweza kujua.

Nami nikakumbuka maneno yale ya kalamu: "Kitabu hiki hakikupotea. Kimeachwa kwa ajili yako." Nikatambua kwamba usiku ule hospitalini mimi ndimi niliyekuwa Ruthu. Nilikuwa maskini kuliko mtu ye yote, na kuna mtu aliyekuwa ameniangushia masuke njiani. Nilikuwa nimeyaokota, nikashiba, kisha nikayafungia kabatini.

Hata hivyo, ndugu zangu, sikufanya upesi lililo sawa. Moyo wa mtu ni mjanja. Nilisema, nitampa mtoto wa ndugu yangu. Yeye ndiye aliyerithi mizinga ya baba yake, naye anahitaji maarifa. Hilo lilikuwa neno jema, lakini ndani yake lilikuwamo shauri lingine: kwamba kitabu kitabaki katika ukoo wetu.

Kijana akakichukua. Baada ya wiki mbili alirudi kwangu na kitabu pamoja na daftari. Alikuwa amenakili kwa mkono wake yote aliyoyahitaji: namna ya kuweka mizinga, namna ya kuzuia siafu, namna ya kuvuna bila kuwaua nyuki. Akaniambia, "Baba mdogo, nimekwisha andika yanayonihusu. Sasa tukiache wapi?"

Nikamwambia, "Mwanangu, hutaki kukitunza? Hicho ndicho kitabu nilichomsomea baba yako."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba mdogo, baba alikisikia kwa sababu kuna mtu aliyekubali kukiacha."

Sikuwa na la kujibu.

Juma lililofuata tulikuwa na safari ya hospitalini kumalizia hesabu za malipo, tukaenda pamoja na kitabu. Kwanza nilimwomba ruhusa muuguzi mkuu wa zamu, kwa maana siku hizi kitu kisicho na mwenyewe huwatia watu hofu, na hofu hiyo ina sababu. Kisha nikaandika jina la mji ule chini ya yale mengine, bila jina langu wala la marehemu. Nikakiweka kwenye benchi lile lile.

Hatujafika mlangoni, askari wa zamu akatuita, "Mzee! Mzee! Umesahau kitabu chako!"

Nikamwambia, "Sikukisahau, kijana. Nimekiacha." Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Akafungua jalada, akasoma, akacheka kidogo. Kisha akakisimamisha, kikiegemea ukuta, ili apitaye akione vizuri. Tulipotoka ofisi ya malipo baada ya saa moja, kitabu hakikuwapo.

Kilikwenda wapi? Sijui hata leo. Huenda kilichukuliwa na mtu aliyekuwa akingoja kama nilivyongoja. Huenda kilichukuliwa na mtu anayeuza karanga, na kurasa zake zimefungia karanga za shilingi kumi. Nimelifikiri hilo mara nyingi, nami nawaambia wazi kwamba lilinichoma. Lakini Boazi hakumfuata Ruthu nyumbani kuona kama shayiri ilipikwa vizuri. Aliyeacha amekwisha kuacha. Ukitoa na bado umeshika ncha ya kamba, hujatoa bado.

Mpenzi msikilizaji, wengine mtasema, "Mimi sina vitabu." Wengine mnavyo, vimejaa vumbi na mchwa wanavila kidogo kidogo. Kama unacho kimoja kilichokusaidia, fikiri kukiangusha makusudi. Lakini kifanye kwa adabu. Usiache takataka, kitabu kilichokatika kurasa ambacho wewe mwenyewe usingekisoma. Boazi alichomoa masuke katika miganda, si katika makapi. Usiache kitabu cha maktaba au cha shule, hicho kirudishe kwa mwenyewe. Kiache mahali pakavu, wazi, bila kukifungia ndani ya mfuko, na kama mahali pana msimamizi, mwombe ruhusa. Zahanati, kinyozi, kituo cha basi, ofisi ya chifu watu wanapongoja kutwa nzima: hayo ndiyo mapembe ya shamba letu. Tena andika ndani yake neno fupi la kumkaribisha mgeni, ili asijione mwizi. Na ukiweza kununua kitabu kipya, endelea kununua, maana mwandishi naye ana watoto wa kulisha.

Wala jambo hili si la vitabu peke yake. Wewe mwenye fundisho, unalo fundisho ambalo hujamwachia mtu. Wewe fundi unayeficha siri ya kazi yako usije ukapata mshindani, unavuna shamba hata ukingoni. Wewe mama mzee unayejua dawa ya kutuliza ugomvi wa nyumba changa, usiondoke nayo.

Tena tukumbuke jinsi sisi wenyewe tulivyoipata Injili. Watu waliotafsiri Biblia katika lugha zetu, wengi wao walikufa kabla hatujazaliwa. Hawakuyajua majina yetu. Waliacha kitabu njiani, wakaenda zao, nasi tukapita tukakiona. Na Ruthu yule aliyeokota masuke yaliyoangushwa makusudi, kwake alizaliwa Obedi, na kwa Obedi Yese, na kwa Yese Daudi, na katika ukoo wa Daudi akaja Mwokozi wetu. Kijana yule wa Boazi aliyeangusha suke la shayiri mchana ule, je, alijua alichokuwa akikiangusha?

Leo, kabla jua halijatua, jiulize swali moja: ni kitu gani kilicho ndani ya kabati langu ambacho kiliachwa kwa ajili yangu, nami sijakiachia mwingine?

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, tumeokota katika shamba lako mambo mengi tusiyoyapanda. Tusamehe kwa kuyafungia. Uwafariji wote wanaongoja leo katika mabenchi ya hospitali, na uwaangushie njiani neno la kuwatia nguvu. Utufundishe kuacha kitu chema bila kusubiri shukrani, na kumwamini yule utakayempitisha pale baada yetu. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.